Neno Nililomwambia Baba yake Zaina

Ukiingia sebuleni kwangu, kitu cha kwanza utakachokiona si viti wala televisheni. Ni diploma yangu. Nimeitundika mkabala na mlango, kwenye fremu ya shaba iliyotengenezwa na fundi wa hapa hapa Kolwezi, ili mgeni aisome kabla hajanisalimu. Mke wangu, Mama Odia, husema hata mwizi akiingia itabidi kwanza asimame asome. Mimi namwambia ni sawa, asome, pengine atapata hamu ya kurudi shule.

Nawaandikia nyinyi mnaosomea kazi za hospitali, na nyinyi mnaosomea ualimu pia, maana habari hii inawagusa nyote. Unyenyekevu msiutafute hapa. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba yangu akazeeka akiendesha mitambo ya mgodi, na mimi niliondoka mji huu na mfuko mmoja wa nguo. Afrika Kusini nilianza kwa kuosha magari. Kisha nikawa msukuma vitanda hospitalini, nikasoma jioni kwa Kiingereza nilichokiokota barabarani, hadi nikapata diploma ya ufundi wa tiba ya mionzi. Hakuna mtu aliyenisukuma. Wa kusukuma nilikuwa mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu ana saratani. Daktari anaamua mionzi ipite wapi na kwa kiasi gani, mtaalamu wa fizikia anapiga hesabu, halafu mimi, teknisien, ninamlaza mgonjwa palepale panapotakiwa, ninafunga mlango mzito, ninawasha mashine. Akihama kidogo tu, mionzi inapiga pasipo na ugonjwa. Niliifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na wengi niliowalaza walikuwa watoto wenye uvimbe kichwani.

Mashine yangu ya kwanza ilitumia kobalti. Nilipojua hivyo nilitembea kifua mbele wiki nzima. Niliwaambia wafanyakazi wenzangu kwamba kobalti hiyo ni ya nyumbani kwetu, kwamba binamu zangu wanaichimba Mutoshi kwa sululu, na kwamba mimi nimetumwa kuifuata nione kama wanaitunza vizuri. Mwalimu wangu, Mama Bwalya, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza kwa upole kwamba kobalti ya ardhini haitoi mionzi yoyote, lazima kwanza ipikwe kwenye kinu cha nyuklia, na kwamba hata mimi bado sijapikwa.

Huyo Mama Bwalya alikuwa Mbemba wa Kitwe, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu. Kila ninachokijua cha maana nilikipata kwake. Mengine yalitoka vitabuni, na vitabu kila mtu anavyo.

Somo lake la kwanza sikulipenda. Mtoto anayepigwa mionzi ya kichwa huvalishwa barakoa. Unachukua karatasi ngumu ya plastiki yenye matundu, unaitia kwenye maji ya moto hadi inalegea kama ugali wa kwanza kwanza, unaikausha kidogo, unaijaribu kwenye mkono wako mwenyewe, ndipo unaivuta juu ya uso wa mtoto. Ikipoa inakuwa ngumu na kuchukua sura yake. Halafu unaibana mezani pande zote, na kichwa hakiendi popote. Mimi nilizitengeneza haraka haraka, nikijisifu kwamba nawashinda wenzangu wote kwa mwendo. Mama Bwalya akasema vizuri, lala wewe. Alinitengenezea barakoa, akanibana mezani, akazima taa, akaenda kunywa chai.

Pua yangu ni kubwa, mnaifahamu. Barakoa ile haikuihurumia. Nilikaa pale nikiwaita watakatifu wote wa parokia yetu, na meno hayafunguki. Aliporudi aliniuliza kama bado napenda mwendo. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyekuja kwangu alishika kwanza plastiki baridi, akaishika tena ikiwa ya moto, akamvalisha mwanasesere, ndipo nikafika usoni kwake. Na nilizipaka rangi. Nilichora vipepeo na twiga, na chui wangu hakuna aliyemfikia hospitali nzima.

Somo la pili lilikuwa la kipaza sauti. Mashine ikiwaka, mtoto yuko peke yake chumbani, nawe uko nje ukimwona kwenye kioo cha televisheni na kumsemesha kwa kipaza sauti. Nilikuwa nasema mambo mengi kwa pamoja: tulia, usiogope, funga macho, pumua polepole, mama yupo hapa. Mama Bwalya akanipiga kiganja. Sema moja, akaniambia. Ngoja. Ukiona ameipokea, ndipo useme ya pili. Nilidhani hiyo ni kanuni ya mashine tu. Kumbe ilikuwa na kazi nyingine iliyoningojea nyumbani.

Sasa nimlete Zaina.

Alifika kwetu akiwa na miaka sita, kutoka Kolwezi, na baba yake na mama yake, kwa basi la kupitia Kasumbalesa. Siku hizo Kolwezi mashine kama ile haikuwepo. Alikuwa na uvimbe nyuma ya kichwa. Madaktari wa upasuaji walikuwa wameutoa, na ilibaki mionzi ya kumalizia mabaki. Baba yake, Tata Amisi, ni msafirishaji, mmoja wa zile familia za Waislamu zilizotoka upande wa Kasongo. Malori yake yanaleta saruji na unga. Nilipomsikia akimwambia mkewe kitu kwa Kiswahili cha nyumbani, karibu nimwangushe mgonjwa niliyekuwa namsukuma.

Watoto wa umri ule mara nyingi huchomwa sindano ya usingizi kila siku ndipo walale tuli. Zaina hakuihitaji, na sifa hiyo ni yangu. Niligundua kwamba anaijua njia ya malori ya baba yake kama wengine wanavyojua nyimbo. Basi kwenye kipaza sauti nikawa naita miji: Kolwezi. Nangoja. Likasi. Nangoja. Lubumbashi, Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola. Kwa kuwa chini ya barakoa huwezi kusema, yeye aliinua kidole kimoja kwa kila mji, kuniambia tumepita. Tukifika Lusaka, mashine imemaliza. Wiki sita tulisafiri hivyo, na hakuhama hata upana wa uzi.

Siku ya mwisho mtoto hupiga kengele iliyofungwa ukutani, wauguzi wanapiga makofi, na mtoto anapewa barakoa yake aende nayo. Zaina aliipiga kengele ile mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mama yake alilia. Tata Amisi alinishika mikono yote miwili na kuniuliza kama kweli ni mwisho. Nami, katika furaha ile, nikiwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi, nikamjibu:

"Imeisha, Tata. Kichwa yake iko safi kama ya mutoto mupya. Hakuna shida tena."

Lishikeni neno hilo. Hakuna aliyenituma kulisema. Daktari hakulisema. Nililisema mimi.

Kwenye korido yetu ulikuwepo mlango mmoja wa mwisho, karibu na stoo, ambao niliupita kila siku bila kuufungua. Ndani yake walikuja watoto waliokwisha kupona, baada ya miaka miwili, mitano, kumi. Kwangu mimi hao hawakuwa kazi tena, kengele ilishapigwa. Mwaka wangu wa mwisho mwisho ndipo nilipotumwa kubeba mafaili kule, nikamkuta mwanasaikolojia kijana akimpima mvulana mmoja kwa vipande vya mbao na saa. Nilimtambua mvulana. Nilimchorea twiga. Nilikaa kusikiliza, na nilichokisikia ndicho ninachotaka mkichukue humu hata kama mengine yote mtayaacha.

Ndani ya ubongo kuna nyaya. Kila waya una ganda lake, kama waya wa umeme, na ganda hilo ndilo linalofanya ujumbe uende mbio. Kwa mtoto mdogo maganda bado yanajengwa. Mionzi inaua uvimbe, na bila mionzi wengi wa watoto wale wangekufa, hilo msiruhusu mtu alisahau. Lakini ikipita, inawagusa pia mafundi wanaojenga maganda, inawapunguza. Mtoto hapotezi akili yake. Anachopoteza ni mwendo. Ujumbe unafika, ila unafika umechelewa. Ukimpa mambo manne kwa pamoja, la kwanza linaingia na matatu yanaanguka mlangoni. Anachoka mapema. Wengine hukua wafupi, wengine masikio yanapungua nguvu kwa sababu ya dawa walizopewa. Na haya yote siku ya kengele hayaonekani. Yanakuja taratibu, darasa linapoanza kuwa gumu na wenzake wanapoanza kukimbia. Kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, na kadiri sehemu iliyopigwa ilivyokuwa kubwa, ndivyo mzigo unavyokuwa mzito.

Madaktari wanalijua, na ndiyo maana kazi imebadilika. Zamani watoto wa saratani ya damu walipigwa kichwa kizima ili ugonjwa usijifiche humo, siku hizi wengi wao hupona kwa dawa tu. Kwa wadogo sana hujaribu kuisogeza mbele mionzi hadi wakue kidogo. Na mashine mpya zinafuata umbo la uvimbe kama fundi cherehani anavyofuata chaki. Nilizijua zote, za zamani na mpya, na za mpya niliwafundisha wengine. Lakini mlango ule wa mwisho niliufungua nikiwa tayari na mvi.

Nilistaafu, nikarudi Kolwezi, nikajenga. Na hapa lazima niseme jambo moja. Kwetu hapa mtu aliyefanya kazi hospitali ya ng'ambo na kurudi na miwani, watu humwita Dokta. Sikuwahi kujiita hivyo. Ila sikuwahi kumkatalia mtu pia. Mchoraji vibao alipoandika DOKTA kwenye kibao cha geti langu kwa hiari yake, nilimwambia tu kwamba herufi ya mwisho imepinda.

Siku moja nilikwenda kwenye depo moja kutafuta saruji ya ukuta wa nyuma. Juu ya kaunta, kati ya kalenda na picha ya Makka, nikaona chui. Chui wangu, kwenye barakoa ndogo ya plastiki. Kabla sijasema neno, mwenye depo aliruka kaunta na umri wake ule akanikumbatia.

"Banaume, muone huyu," Tata Amisi akawaambia wapakiaji na wateja. "Huyu njo Dokta mwenye alimuponyesha Zaina yangu."

Zaina mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mifuko ya unga na daftari magotini. Miaka kumi na minne, mfupi, darasa la sita la msingi pamoja na watoto waliokuwa wadogo kwake. Nilimsalimia. Aliniangalia. Baba yake akaanza kumgombeza kwamba mtu akisalimiwa anajibu, akageuka kwangu kunieleza habari za bei ya saruji, na tulikuwa tumeshahamia habari nyingine kabisa ndipo binti aliposema, kwa sauti nzuri tulivu, "Jambo, Tata."

Baba yake akanivuta pembeni. Mtoto ana kichwa nguvu, alisema. Unamtuma vitu vitatu, analeta kimoja. Unamuuliza neno, anakutazama hadi unachoka. Na shuleni direktrise, mwalimu mkuu, anataka kuliacha jina lake nje ya orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa, kwa sababu ataangusha shule. Orodha inapelekwa baada ya wiki mbili. Jina likiachwa, yeye Tata Amisi hatapoteza mwaka mwingine, atampeleka Zaina Kasaji kwa shangazi yake akauze chumvi na samaki wakavu sokoni.

"Biashara haina examen," alisema. "Na wewe mwenyewe ulisema kichwa iko safi. Basi inabakia uvivu. Ya uvivu, mi najua dawa yake."

Nilielewa palepale. Nilimwona mvulana wa twiga, na vipande vya mbao, na saa. Na watu walikuwa wananitazama wakingoja neno la Dokta. Nikasema nipeni mtoto kila mchana kwa wiki hizo mbili, nitamfundisha mwenyewe. Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimesahau saruji.

Somo la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilimkalisha Zaina barazani nikamwambia afungue kitabu ukurasa wa arobaini, asome swali la tatu, apige mstari chini ya namba, kisha afanye hesabu pembeni. Akafungua kitabu, akaniangalia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikaongeza na la tano. Akakitazama kitabu. Mimi, mwenye diploma, nikaanza kukasirika, na neno la uvivu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Mama Odia alikuwa nyuma anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha mchi.

"Tata," alisema, "hata mi sijue naanzia wapi. Na mi siko hata mugonjwa."

Nikaona aibu mbele ya mchi. Nikakumbuka kiganja cha Mama Bwalya. Basi nikahamisha kiti nikakaa nyuma ya Zaina, kama vile niko nje ya chumba cha mashine, ili asione uso wangu ukimharakisha. Nikasema moja: "Soma swali la tatu." Nikanyamaza.

Vijana, kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ulimi unawasha. Ili nisiseme nilianza kuhesabu miji kimoyomoyo. Likasi. Lubumbashi. Kasumbalesa. Chingola. Nilipofika karibu na Ndola, Zaina, bila kugeuka, aliinua kidole kimoja.

Sikumfundisha hilo. Lilikuwa humo tangu akiwa na miaka sita, barakoa ilipomfunga mdomo. Na jibu lililofuata kidole lilikuwa sahihi. La pili pia, tulipita Kabwe kidogo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwambia Mama Odia kwamba moshi wa mkaa unaniingia machoni. Akasema mkaa bado hajauwasha.

Siku zile tulifanya kazi kwa utaratibu wangu, na nauacha kwenu bure. Agizo moja kwa wakati. Agizo refu liandike, likatwe kipande kimoja kimoja. Nusu saa ya kazi, kisha apumzike kweli, si kutumwa dukani. Akae mbele, upande wa sikio linalosikia vizuri zaidi. Na asiulizwe "umesahau tena?", maana swali hilo nalo linachukua nafasi kichwani. Zaina alicheka sana siku hizo. Ana utani, ila utani wake hufika baadaye kidogo. Unakunywa chai, ghafla unagundua amekucheka tangu dakika mbili zilizopita.

Siku mbili kabla ya orodha kupelekwa, tulikwenda shuleni sisi watatu, mimi, Tata Amisi na Zaina. Direktrise ni Mama Ngalula, mwanamke mkavu, mwenye heshima zake. Alituwekea mezani karatasi ya mwisho ya hesabu ya Zaina. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe.

"Dokta, mi nakuheshimu," alisema. "Lakini ona. Inspekta hataniuliza kama mutoto aligonjwa. Ataniuliza juu ya nini shule yangu ilianguka."

Nikamwomba aitazame nusu ya juu, ile iliyoandikwa, aniambie ina makosa mangapi. Alivaa miwani. Alipitisha kalamu taratibu, mstari kwa mstari, akarudia.

"Hakuna," alisema.

Nikamwambia basi hakukosa kujua, alikosa saa. Nikaanza kueleza nyaya na maganda, na kwamba mionzi iliyomwokoa ndiyo iliyompunguzia mwendo. Nilikuwa naeleza vizuri sana, Mama Ngalula ameacha kalamu, ndipo Tata Amisi aliponikatiza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepotea tu.

"Dokta, lakini wewe ulituambia imeisha."

Ningeweza kupita pembeni. Maneno ya Kilatini ninayo ya kutosha kumfunika mtu yeyote wa Kolwezi. Lakini kama neno langu la zamani lingebaki limesimama, basi hili jipya lingekuwa maneno ya mzee anayemtetea mtoto kwa huruma, na Zaina angepanda treni ya Kasaji.

"Tata Amisi," nilisema, "kwanza, mi si dokta. Sikukuwa dokta hata siku moja. Mi ni teknisien, wa kulaza wagonjwa na kuwasha mashine. Na ile neno ya kama kichwa iko safi, hakuna dokta aliyeisema. Nilisema mimi, juu ya furaha. Sikuwa najua. Ilibidi nifungue mulango moja tu nijue, na sikufungua."

Tata Amisi aliangalia mikono yake, mikono mikubwa ya mtu wa malori.

"Kumbe ile fimbo yote," alisema, na hakumaliza.

Mama Ngalula alifungua mdomo, nami, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimwashiria direktrise anyamaze. Maana nilikuwa nimeona kidole cha Zaina kimeinuka kwenye magoti yake. Tukangoja. Nadhani tulipita Ndola.

"Papa," Zaina alisema, "mi nilikuwa nasikia. Kila mara nilikuwa nasikia. Nilikuwa ningali njiani nakuja kujibu."

Tata Amisi aliondoka kwenye kiti chake akakaa kwenye benchi, karibu na binti yake. Mama Ngalula aligeuza saa ya mezani ikatazama ukuta. Akamsukumia Zaina karatasi ileile na kalamu, akamwambia neno moja tu: "Maliza." Yule mama alikuwa ameshanielewa kuliko nilivyojieleza.

Tulikaa. Simu ya Tata Amisi iliita mara tatu, yeye msafirishaji mwenye malori mpakani, na mara tatu aliinyamazisha bila kuangalia ni nani. Zaina aliandika hadi chini. Kulikuwa na kosa moja, kwenye mgawanyo. Baba yake akaliangalia na kusema hata yeye pale angekosa. Mama Ngalula akavuta orodha, akaliandika jina polepole, kwa herufi kubwa. Palepale tuliandika barua kwa inspekta kumwombea Zaina kiti cha mbele na nusu saa ya ziada, na inspekta akakubali. Niliambatanisha nakala ya diploma yangu. Sikuombwa, lakini barua ilipendeza zaidi.

Siku ya mtihani mimi na Tata Amisi tulisimama nje ya ukuta wa shule tukihesabu miji kwa sauti. Tulifika Johannesburg, tukapumzika, tukarudi hadi Likasi.

Nanyi mnajua siku ya kutangaza matokeo ilivyo kwetu. Majina ya waliofaulu yanasomwa hadharani, na kila anayeitwa wazazi wanammwagia poda kichwani hadi anakuwa mweupe kama muuza unga, kisha mtaa mzima unajua. Nilivaa suti yangu ya Johannesburg. Watoto walikuwa wanakimbia mbele wakiitwa. Zaina alipoitwa, kulikuwa na ule ukimya wake. Watu wakaanza kugeuka kumtafuta. Mama Ngalula hakurudia jina wala hakuita linalofuata. Alingoja. Kisha Zaina akainuka, akatembea kwa mwendo wake hadi mbele, na baba yake akammwagia kopo zima, na poda iliyopeperuka mimi nikajikuta nayo kwenye masharubu. Suti ile hadi leo ukiipiga inatoa moshi. Sijaipeleka kufuliwa.

Siku hizi depo ya Tata Amisi ina utaratibu mpya. Anamtuma Zaina kitu kimoja, halafu anasimama kimya, midomo ikichezacheza. Wapakiaji wanadhani anasali. Mimi najua yuko Chingola.

Zaina yuko sekondari sasa, na kilichonishangaza ni mkono wake. Ana mwandiko wa herufi zilizonyooka kama reli. Basi nilikishusha kile kibao cha geti nikampa yeye kazi ya kuchora kipya. Mchoraji wangu wa kwanza alipita akacheka. Yeye alikimaliza kwa saa moja, alisema, na huyu binti yuko siku ya tatu na bado anaweka penseli. Nilimwambia apite jioni ya kesho.

Maneno ni mengi kuliko ya kwanza, na mimi sikosi kujivunia hilo: TEKNISIEN WA TIBA YA MIONZI, MWENYE DIPLOMA. Herufi chache asubuhi, anapumzika, chache mchana. Siku ya nne Zaina aliweka brashi chini, akainua kidole kimoja, na tukakipandisha. Hakuna herufi iliyopinda. Mkipita mtaani kwetu, simameni mkisome hadi mwisho, na kama binti mfupi yuko getini mkamsalimia, msiondoke. Jibu liko njiani.